Kijiji Kisicho na Nyoka

“Hapa kwetu hakuna nyoka,” alisema Bah Kordor, mkuu wa kijiji cha Laitumsaw. Akapaka chokaa kwenye jani la tambuu, akaweka na kipande cha popoo, akampa mgeni wake kwa adabu zote.

Phidalin aliitia tambuu mdomoni akatafuna polepole, asije akasema neno la kumvunjia heshima mtu mzima. Mbele ya nyumba ya Bah Kordor palikuwa na msitu, nyuma msitu, na ubavuni ukuta wa mawe wenye mashimo ya kutosha kupangisha ukoo mzima wa nyoka. Mvua ilikuwa inanyesha tangu juzi bila hata kupumua. Nyoka wangeambiwa wachague kijiji cha kuishi, wangechagua hikihiki.

“Hata mmoja, Bah?” aliuliza, akimwita kwa heshima kama kaka mkubwa.

“Hata mmoja.”

“Mwaka jana Bah Skhem alimkanyaga mmoja na gari hapo barabarani. Kijiji kizima kilikwenda kutazama. Na wewe ulikuwepo.”

“Yule alikuwa mpita njia,” alisema Bah Kordor, akatazama mvua.

Phidalin aliaga, akafungua mwavuli na kushuka ngazi za mawe huku kichwa kikiwaka moto. Alikuwa mtoto wa kijiji hicho. Alizaliwa hapo, akaenda kusoma mjini Shillong, na sasa alikuwa akifundisha chuoni mambo ya nyoka, vyura na mijusi. Kazi hiyo mama yake alikuwa bado hajapata namna nzuri ya kuwaeleza majirani.

Chanzo cha safari yake kilikuwa chupa. Bah Skhem, dereva wa gari la abiria liendalo mjini, alikuja chuoni na chupa pana ya achari iliyojaa pombe kali ya mchele, na ndani yake kuna nyoka amejikunja. Phidalin alipomtazama vizuri, alitafuta kiti. Nyoka mwenyewe alikuwa na urefu wa kalamu, rangi ya udongo, na ukosi mweupe shingoni kama wa mchungaji. Hana sumu, anakula minyoo, na jina lake la kitaalamu ni refu kuliko yeye. Vitabu vilimjua kutokana na nyoka wachache tu waliookotwa zamani huko mashariki, milima mingi kutoka hapo. Huku kwao hakuna aliyewahi kumwandika.

“Umempata wapi?” alimuuliza Skhem.

“Nimepewa.”

“Na nani?”

“Mtu.”

“Mtu gani, Bah Skhem?”

“Mtu wa nyumbani, Laitumsaw.”

“Mwanamume au mwanamke?”

“Kong, dada yangu, mimi naendesha gari, na ile barabara unaijua. Siangalii watu, naangalia makorongo.”

Phidalin aliandika habari za nyoka wake kwa furaha, akazipeleka kwenye jarida la wataalamu, na mhariri akamjibu kwa upole unaoudhi. Jina la kijiji halitoshi, alisema. Amepatikana mahali gani hasa, chini ya nini, na nani aliyemwona? Bila hayo, hatuwezi kusema nyoka huyu anaishi huko. Alichomaanisha, Phidalin alikielewa bila kutafsiriwa: dada, ulichonacho ni nyoka mlevi ndani ya chupa.

Basi akaja nyumbani kuuliza. Jambo dogo, alidhani, la asubuhi moja.

Alipita nyumba kwa nyumba siku nzima. Kila mlango ulifunguka, kila mahali alikaribishwa chai ya rangi na tambuu, aliulizwa habari za Shillong, na aliulizwa ataolewa lini. Lakini akitaja nyoka tu, mwenye nyumba alikuwa anakumbuka kitu jikoni. Kong Rilin hakungoja hata swali liishe. Alimshika mkono akamwingiza ndani, akamwonyesha sakafu.

“Saruji,” alisema. “Iguse. Nyoka atapita wapi? Kaulize huko juu, kwenye sakafu za mbao.”

Waliokaa juu kwenye sakafu za mbao walisema nyoka hawapandi ngazi, aulize chini. Phidalin alishuka akapanda, akapanda akashuka, viatu vimejaa maji, na kila nyumba ikimtupia jirani mpira.

Alijua sababu, na ndiyo iliyomchoma zaidi. Hakuna aliyezaliwa katika milima ile asiyejua habari za thlen, yule nyoka afugwaye ndani kwa siri ili alete mali, na ambaye chakula chake ni damu ya mtu. Kanisani kila Jumapili waliimba na kusema amina, lakini nyumba ikishanong’onezewa kuwa inafuga thlen, basi tena. Watu hawakanyagi kwao, hawaoi kwao, na zaidi ya yote hawali chakula chao. Zamani hata roho zilitolewa kwa tuhuma hizo. Kwa hiyo nyoka akionekana ndani ya nyumba, mwenye nyumba anamponda kimya kimya, anamchoma moto, halafu anatoka nje kuulizia afya za watu.

“Ni mdogo kuliko kamba ya kiatu changu!” Phidalin alimwambia Kong Rilin. “Huyu ataramba damu ya nani?”

“Thlen naye huanza mdogo,” alijibu Kong Rilin, akamwongezea chai.

Phidalin akaona apeleke suala kanisani. Alimwomba Bah Kordor atangaze baada ya ibada, akamfundisha na maneno ya kusema: aliyemwokota nyoka yule ni mtu wa kupongezwa, amesaidia elimu, ajitokeze. Bah Kordor aliitikia kwa kichwa kila neno. Jumapili ilipofika alisimama mbele, akakohoa, akasema, “Binti yetu kutoka mjini anamtafuta mwenye nyoka. Kama mwenye nyoka yupo humu ndani, asimame.”

Phidalin alishika kichwa kwa mikono miwili. Watu walikaa wima kuliko walivyokaa wakati wa mahubiri. Hata wazee wenye miguu mibovu, ambao husimama katikati ya ibada kujinyoosha, siku hiyo hawakujinyoosha.

Mwishowe mzee mmoja alizungumza palepale alipokaa. “Yule nyoka ni wa Mawkhlor,” alisema. “Nasikia aliokotwa Mawkhlor.”

Mawkhlor ni kijiji cha ng’ambo ya bonde. Kanisa zima lilishusha pumzi. Naam, ni wa Mawkhlor, walisema, tena wanawake wakaongeza kwamba kule huwa wanaonekana wengi. Watu ambao tangu zamani walikuwa hawajakubaliana hata juu ya bomba la maji lipite wapi, siku ile walikuwa kitu kimoja.

Habari mbaya hazina haja ya daraja. Kesho yake tu Bah Rishot, mkuu wa Mawkhlor, alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yake Phidalin, amelowa chapachapa, anahema kwa zile ngazi.

Mama huyo, Kong Throlin, alikuwa na kibanda cha wali na nyama ya nguruwe kando ya barabara. Ndicho kilichomsomesha Phidalin tangu baba yake alipofariki, na madereva walikuwa wanapita vibanda vingine vyote na njaa zao ili wafike hapo. Siku hiyo madereva waliacha kutafuna ili wasikie vizuri.

“Wewe ndiye msomi?” Bah Rishot alimuuliza Phidalin. “Umetupaka matope kijiji kizima?”

“Bah, si mimi niliyesema...”

“Binti yangu anachumbiwa mwezi ujao. Wakwe wamepiga simu wanauliza habari za nyoka. Nyoka gani?”

“Bah Rishot, kaa kwanza ule,” alisema Kong Throlin. “Umetoka mbali.”

Bah Rishot alilitazama sufuria. Harufu ya nyama na tangawizi ilikuwa imejaa kibandani, na koo lake lilionekana wazi likimeza mate. “Sili kitu Laitumsaw,” alisema, “mpaka jina la kijiji changu lisafishwe.” Akageuka akateremka tena bondeni na njaa yake.

Wateja walipoondoka Phidalin alifoka. Alifoka huku akiosha sahani, akizigonganisha hata mama yake akamnyang’anya beseni. Alisema watu hawa hawasaidiki. Alisema wana kitu ambacho ulimwengu mzima haujui, na wanakificha kama bangi. Alisema waoga, wanafiki, mguu mmoja kanisani na mmoja kwa mizimu.

“Na wewe pia, Mei,” alimwambia mama yake. “Siku zote hizi unanisikia nikihangaika, husemi lolote. Unaamini hayo mambo ya thlen?”

“Siamini.”

“Sasa?”

“Mimi siamini,” alisema Kong Throlin, akifuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa. “Lakini wanaokula wali wangu wanaamini.”

Phidalin aliutazama mkono wa mama yake. Kuna namna mama yake anavyofuta meza akiwa na jambo, na alikuwa hajaiona tangu msiba wa baba.

“Nilikuwa nachukua kuni pale nyuma ya jiko,” aliendelea mama. “Nikamwona. Nikampiga na mchi kabla sijafikiri, akili zikanijia baadaye. Nikauona ule ukosi. Nikasema huyu sijawahi kumwona, na Phi hajawahi kumwona. Ulikuwa unanigombeza kila likizo, Mei usiwachome, Mei watie kwenye pombe kali. Basi nikamtia. Nikamwapisha Skhem asiseme.”

“Ni wewe?”

“Nilijua utafurahi. Sikujua utakuja kunitangaza kanisani.”

Phidalin alitafuta mahali pa kuweka uso wake asipaone. Alikuwa amewatukana watu tangu alipofika, na muda wote zawadi ilikuwa imetoka mkononi mwa mama yake. Mwanamke mwingine yeyote pale kijijini angemchoma yule nyoka na kuendelea na mapishi yake. Huyu alihatarisha sufuria lake kwa ajili ya furaha ya mwanawe, akaomba tu asitajwe.

Kulipokucha alizihamisha kuni moja moja. Karibu na ukuta, ambapo maji ya mvua huchuruzika na maganda ya mpunga yameoza, alimkuta mwingine, hai, anang’aa, na kile kiukosi chake. Phidalin alipiga magoti kwenye tope. Alimpiga picha, akampima, akahesabu magamba yake huku anacheka peke yake, na kwa muda mfupi hakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani.

Halafu akatoa kile kifaa cha kusomea mahali, kinachoongea na setilaiti. Akakitazama. Akainuka, akatoka nacho uani, akapita bustani ya pilipili, akaenda mpaka kwenye njia ya umma. Njia haina mwenyewe. Hakuna anayekula wali wa njia.

“Unakwenda wapi na hicho kidude?” Mama yake alikuwa mlangoni na mwiko.

“Hapa tu, Mei.”

“Nyoka alikuwa hapo?”

“Alikuwa karibu.”

“Mimi nimekuuliza alikuwa hapo?”

Phidalin alikificha kifaa nyuma ya mgongo.

“Umemwita Bah Kordor mwongo,” alisema Kong Throlin. “Umewaita kanisa zima wanafiki. Leo imefika zamu yako, unahamisha nyoka kama wao walivyomhamishia Mawkhlor. Na yule mtoto wa Bah Rishot akikosa mume, utamwandika wapi?”

“Mei, na kibanda?”

“Kibanda ni changu. Rudi ndani upime panapostahili. Na uandike jina langu sawasawa, mchi ulikuwa mkononi mwangu.”

Siku iliyofuata ilikuwa ya gulio. Phidalin alimsihi mama yake apike nusu ya kawaida, wasije wakamwaga. Kong Throlin alipika kama anavyopika kila gulio, pengine na zaidi kidogo. Wateja wa kwanza walipokaa kwenye benchi, aliwaambia kwa sauti ileile anayotajia bei. “Nyoka aliyetangazwa kanisani alikuwa jikoni kwangu, penye kuni. Mimi ndiye niliyempeleka kwa mwanangu. Wali uko tayari.”

Mmoja alikumbuka amemwacha mbuzi bila kamba. Mwingine alitazama saa ambayo hakuwa nayo. Mara benchi likabaki jeupe, na habari ikapita gulioni kutoka fungu hadi fungu, ikimzidi upesi mtu yeyote anayetembea. Watu walipita mbele ya kibanda wakisalimia kwa heshima kubwa, na heshima hiyo ilimkera Phidalin kuliko matusi. Kong Rilin alipita ng’ambo kabisa ya barabara, kwenye matope, na yeye mwenye viatu vipya. Bah Kordor alisimama chini ya mwavuli wake mbali kidogo, akitazama mawingu kama mtu aliyeajiriwa kuyahesabu.

Kong Throlin aliendelea kukoroga nyama isiyohitaji kukorogwa. Phidalin alitaka kutoka nje awapasulie ukweli wote mmoja mmoja.

Adhuhuri ilipokaribia, mtu alitokeza kwenye ngazi za bondeni, anahema, amelowa. Alikuwa Bah Rishot. Habari ilikuwa imemfikia nusu ya njia.

“Nimesikia si wa Mawkhlor,” alisema.

“Si wa Mawkhlor,” alijibu Kong Throlin.

“Sema kwa sauti, mama. Gulio lisikie.”

“Nyoka ni wa Laitumsaw,” alisema Kong Throlin kwa sauti ya kuita watoto, “na ni wa jikoni kwangu. Mawkhlor hawahusiki.”

Bah Rishot alifunga mwavuli wake, akaukung’uta, akaketi katikati kabisa ya benchi. “Nipe wali,” alisema. “Nyama yenye mafuta. Na chachandu ya samaki mkavu, usinipimie. Tangu siku ile nanuka njaa.”

Alikula. Alikula kwa kelele, akaomba sahani ya pili, akageuka na tonge mkononi kuwatazama watu waliojazana barabarani. “Nilikuwa nadhani Laitumsaw kuna wanaume,” aliwaambia. “Kumbe nilikuwa nawaogopa bure. Wanakimbia nyama kwa sababu ya nyoka mwenye urefu wa kalamu. Bah Kordor, hujambo huko mawinguni?”

Watu walianza kuguna. Kudharauliwa ni jambo moja. Kudharauliwa na mtu wa Mawkhlor, kwenye gulio lenu, mdomo wake umejaa nyama yenu, ni jambo jingine kabisa.

Wa kwanza kukaa alikuwa Skhem dereva. “Mimi nilimbeba garini toka hapa mpaka Shillong, miguuni pangu,” alisema. “Kama ni kudhurika nimeshadhurika. Kong, nipe wali.” Baada yake wakaja madereva wenzake, kisha vijana wawili waliosukumana kwanza, kisha mume wa Kong Rilin, ambaye mkewe alimwita kwa jina akajifanya hasikii.

Bah Kordor alikuja mwisho. Alikaa ncha ya benchi, nusu ya makalio hewani. Kong Throlin alimwekea sahani bila kumbembeleza wala kumtazama. Kibanda kizima kikanyamaza kumngoja mkuu wa kijiji. Alifinya tonge, akalizungusha, akalizungusha tena, akalitia mdomoni. Akatafuna, akameza. Hakuna aliyekufa. Watu wakarudi kuzungumzia bei ya pilipili manga.

Sahani ilipofika katikati aliinama kuelekea kwa Phidalin. “Ukiandika,” alinong’ona, “lazima utaje na nyumba?”

“Lazima, Bah.”

Akala tena kidogo. “Ukuta wa bafu langu,” alisema. “Wapo wawili. Wana ukosi vilevile. Wananitazama nikioga tangu mwaka juzi.”

Phidalin aliufikiria mwiko, akafikiria na umbali wa kichwa cha mkuu wa kijiji. “Bah Kordor,” alisema, “uliniambia Laitumsaw hakuna nyoka.”

“Nilikuwa sijala.”

“Wawili tu?” Bah Rishot alidakia kutoka katikati ya benchi, maana minong’ono ya Bah Kordor husikika mpaka kanisani. “Wawili ndiyo kelele yote hii? Mawkhlor wamejaa kwenye kila banda la kuni. Njoo kwetu, msomi, utachoka kupima.”

“Hawana ukosi hao,” alisema mume wa Kong Rilin. “Wenye ukosi ni wa huku.”

“Nani kakudanganya? Wa kwetu ukosi wao ni mpana zaidi.”

Wakaanza kugombana, na safari hii kila kijiji kilikuwa kinavutia nyoka kwake. Phidalin alikuwa amekuja na swali moja akapita nalo kila mlango. Sasa watu walikuwa wanamrushia majibu wakiwa na midomo imejaa, na kalamu yake ilikuwa imelowa haiandiki. Aliona angeweza kulia kwa hasira, au kucheka, na hakuwa na nafasi ya kufanya lolote kwa sababu kila mtu alikuwa anadai nyongeza.

Benchi lilipobaki wazi, mama yake alikuwa ameupa mlango mgongo, ameinamia sufuria, anafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha begani. Phidalin alisimama karibu naye. Hakujua aanze na samahani ipi.

“Nyama imekwisha,” alisema Kong Throlin, na sauti yake haikuwa imetulia bado. “Na wewe hujala.”

Alichukua mwiko akakwangua ukoko wote ulioshika chini, akauweka kwenye sahani, akapaka chachandu juu.

“Kula haraka,” alisema. “Halafu nenda bafuni kwa Bah Kordor kabla hajabadili mawazo.”